Manyoya ya Kondoo Kwenye Sukuma za Mama Neema

Tarehe kumi na mbili Septemba nilimzika mke wangu, Mama Neema, hapa Nduguti, na siku arobaini baadaye nikaaibika mbele ya watu wote waliokuja kumwombea. Mimi si msemaji, ila jambo hili kila anayelisimulia analiongezea chumvi, kwa hiyo bora niliseme mwenyewe.

Siku tano kabla hajafariki alikuwa amehamishia miche ya sukuma wiki kwenye matuta mawili nyuma ya nyumba. Mimi bustani sikuijua (miaka yote nilikuta mboga mezani, nikala, nikashukuru, basi), lakini baada ya mazishi nilipoona ile miche imelala kwa kiu nikajiambia hii ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake, haitakufa, na siku ya arobaini watu wataila. Sikuwa na hamu na jambo lingine lolote. Tatizo lilikuwa maji, maana miezi hiyo kwetu jua halina huruma na bombani yanatoka mara mbili kwa wiki.

Nikaenda kwa Mzee Mkumbo, mfugaji, kuomba samadi. Yeye ana kondoo wachache wa mchanganyiko, weusi, wenye manyoya marefu ya kujikunja, si kama hawa wa kwetu, na joto likizidi huwanyoa kwa mkasi na kuyatupa yale manyoya nyuma ya zizi. Akaniambia, "Chukua na haya. Pale ninapoyatupa nyasi hazikauki mapema. Zungushia miche, mwagia maji, yanayashika kama godoro." Nikajaza kiroba.

Kesho yake asubuhi niko kwenye matuta, nazungushia kila shina na kufukia kidogo ili upepo usipeperushe, mara Mama Hadija, jirani yangu, akachungulia juu ya uzio wa minyaa. Sasa mjue kwamba marehemu alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, wanawake wenzake walikuwa wakimtania kuwa zinatosha vichwa vitatu. Mama Hadija akautazama mkono wangu, akauliza polepole, "Baba Neema, hizo ni za nani?"

Mimi nilidhani anauliza mboga. Nikajibu, "Ni za marehemu. Sitaki zipotee."

Akanitazama usoni. Kisha akasema, "Mungu akutie nguvu, baba," akaondoka.

Kuanzia jioni ile wema ukazidi. Mama Hadija akawa ananiletea uji kila asubuhi, binti zake wanafagia uwanja, wazee wawili wanakuja kukaa na mimi barazani bila kusema la maana, na mwinjilisti anapita kuniuliza kama nalala, kama nasikia sauti. (Nilimjibu kwamba nasikia mbuzi wa jirani, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo zito.) Nikamwambia binti yetu Neema kwenye simu asiwe na wasiwasi, baba yake hajaachwa peke yake. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Sukuma zilistawi, majani mapana kama sahani, udongo chini ya manyoya una unyevu hata siku ya tatu bila kumwagilia, lakini nikimpa mtu fungu anasema nyumbani ana mboga.

Arobaini ikafika. Baada ya ibada chakula kikatolewa, na mimi ambaye sijawahi kusimama mbele ya watu nikasimama, nikaonyesha sufuria ya sukuma, nikasema, "Ndugu zangu, hizi ni za Mama Neema mwenyewe. Kila mmoja apate walau kidogo."

Watu wakachota ugali, nyama, maharage, na ile sufuria ya sukuma ikapita mkono kwa mkono hadi ikanirudia imejaa vilevile. Nikaona nimeshindwa kumfanyia hata hilo moja.

Kaka wa marehemu akaniinamia sikioni, lakini sauti yake ni nzito, uwanja mzima ukasikia. "Shemeji, tumekuvumilia kwa sababu ya uchungu. Lakini kutulisha nywele za dada yangu, hapana."

"Nywele zipi?"

"Ulizofukia bustanini. Ulimwambia Mama Hadija kwa mdomo wako."

Ndipo nikaelewa yote, uji, wazee, sauti. Nikasema yale ni manyoya ya kondoo, na watu wakatazamana kwa huruma zaidi. Basi ikabidi twende bustanini, sisi sote na nguo zetu za ibada, nikapiga magoti, nikachimbua bonge moja linalochuruzika maji, nikampa shemeji. Akanusa. Akanusa tena.

Mzee Mkumbo, aliyechelewa kwa ajili ya mifugo yake, akatokea nyuma yetu. "Mnanusa nini? Huyo ni dume langu. Huyo hata mkiwa barabarani mnamsikia."

Mtu akacheka, kisha wote, na kilikuwa kicheko cha kwanza kwenye nyumba ile tangu msiba.

"Mimi niliuliza nywele," Mama Hadija akasema.

"Na mimi nilijibu mboga."

"Nisamehe, baba. Mwezi mzima namwombea mtu mwenye akili zake."

Nikamwambia asiniombe msamaha, na nilimaanisha. Ni kweli sikuwa nimechanganyikiwa, lakini mzima pia sikuwa. Kuna asubuhi ambazo nisingeinuka kitandani kama kusingekuwa na mtu mlangoni ameshika uji. Walikuja kwa kosa, lakini walikuja, na kwa hilo nitawashukuru hadi naingia kaburini. Ila siku hizi mtu akiniuliza "za nani", kabla sijafungua mdomo namuuliza kwanza, "Zipi?"

Tukarudi uwanjani. Mama Hadija akawa wa kwanza kuchota, akala amesimama, watu wakimtazama. Shemeji akaonja, akasema chumvi imepungua, akaongeza nyingine sahanini. Sufuria ikazunguka tena, na iliponifikia haikuwa na hata jani moja, nikala ugali wangu na maharage.