Siku Niliyopimwa Presha kwa Jina la Yasini

Nasimulia hii kwa sababu najua mmeshaisikia, tena mmeisikia vibaya. Juzi kaingia saluni kwangu mteja hata simjui, kakaa kwenye kiti, nikamfunga kitambaa shingoni, akaanza kunihadithia mimi mwenyewe habari za kinyozi mmoja wa hapa Songea aliyefumaniwa kliniki ya wajawazito na mke wa mtu! Nikamnyoa kimya kimya. Basi bora mnisikie mwenyewe, maana aibu ni yangu na mdomo ni wangu.

Siku hizo mke wangu Skola alikuwa kwao Maposeni na watoto, wiki ya pili, amenuna. Ugomvi wetu ulikuwa mdogo tu (ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu). Kichwa kilikuwa kinanigonga kisogoni kila asubuhi, Skola akawa ananiambia nenda kapime presha, maana kaka yake alianguka shambani kwa kiharusi na mpaka leo mkono mmoja hauinuki, na mimi nikawa namjibu kwamba hospitali ni ya wagonjwa, mzima anayejipeleka kupimwa anautafuta ugonjwa kwa tochi. Mara ya mwisho aliponiambia nilikuwa nakula, nikachukua chumvi nikaongeza kwenye mboga huku namtazama usoni. Akafunga nguo zake. "Baki na kichwa chako," akasema, akaondoka. Kisha mama mkwe akatuma neno kwamba Jumapili niende Maposeni tukakae tuongee, na kama sina la maana nisisumbuke kupanda gari. Kwa hiyo nilikuwa na siku nne tu za kuwa mtu mwema, mke wangu arudi nyumbani. Siku nne, jamani!

Jumatano asubuhi, hata kufagia sijamaliza, akaja Zuhura. Huyu Zuhura anakaanga vitumbua mlango wa pili kutoka kwangu, na mumewe Yasini ni mtu wa Tunduru, msimu wa korosho ukifika humuoni mpaka uishe. Mimba yake ya kwanza, na siku hiyo ndiyo alikuwa anaanza kliniki.

"Kaka Osmund, nakuomba unisindikize. Wanasema mtu aende na mwenza, na mwenye mwenza anahudumiwa kwanza. Asiye naye apeleke barua ya mtendaji wa mtaa, na mtendaji nimemfuata mara mbili simkuti."

"Sasa mimi nikafanye nini huko?"

"Ukae tu, kaka. Dakika kumi."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema "dada, nina wateja," leo msingekuwa mnanicheka. Lakini mimi ni mtu wa sifa, na vitumbua vyake navila karibu kila siku, nikafunga mlango nikasema twende. Njiani tukapatana: mimi ni Yasini, nikiulizwa nijibu kwa kifupi, nisiongee sana. (Mimi! Niambiwe nisiongee sana!)

Nisichojua ni kwamba mambo pale kituo cha afya yamebadilika. Zamani ulikuwa unaenda na homa, unapimwa homa, unarudi na dawa yako ya homa. Siku hizi wameweka meza barazani, na kila anayepita, awe anaumwa jino, awe ameleta mtoto wa chanjo, awe amesindikiza tu, anapimwa uzito na presha na anaulizwa maswali ya maisha yake yote. Nesi wa meza ile ni mama mnene, mchangamfu, sauti yake haihitaji kipaza.

"Jina la baba?"

"Yasini," nikasema, na hapo nikajiona nimeshamaliza kazi.

Nesi akasimama. "Akina mama, tazameni mfano! Baba Yasini ameacha shughuli zake kaja na mwenzake. Tumpigie makofi!" Baraza zima likapiga makofi, na mimi (Mungu anisamehe) badala ya kuinamisha kichwa nikainuka, nikapunga mkono kama mgombea udiwani. Na katika kupunga ndipo nikamwona, benchi la tatu, kitenge cha bluu kichwani, mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja mjini kwa mdogo wake, akapitia kuchukua dawa zake za sukari. Naye alikuwa anapiga makofi. Akaacha.

Nikakaa. Nesi hana habari, anaendelea. "Baba Yasini, unavuta sigara?" Hapana. "Pombe?" Sasa Yasini ni mswalihina, ulanzi hata harufu yake haijui, na mimi nilikuwa na dumu la ulanzi chini ya kitanda. Nikasema, "Astaghfirullah!" Akafurahi, akaandika, akanivalisha ule mkanda wa presha. Sijawahi kuvalishwa kitu kile maishani mwangu. Ukaanza kubana, ukabana, ukazidi kubana, nikaona mkono unakatika, nikajikuta nimepiga ishara ya msalaba, ile kubwa, toka paji la uso mpaka mabegani, na rozari ikachomoka ndani ya shati ikaning'inia mbele ya nesi.

Nesi akaitazama kadi. Akaitazama rozari. Zuhura akaanza kukohoa.

Kilichoniokoa ni mashine, maana ilitoa namba na nesi akasahau dini. "Mia sabini kwa mia na tano. Baba, hii iko juu! Ulikuja unakimbia? Hebu kapumzike pale benchini, tutarudia." Nafasi ilikuwa moja tu, na mnajua ilikuwa pembeni ya nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akanyamaza. Mama mkwe wangu akigomba, mshukuru Mungu. Akinyamaza, andaa begi. Nikamwinamia sikioni, "Mama, nitakueleza."

"Unieleze nini, Yasini?"

Nikaitwa tena mezani. Mkanda ukabana, namba zikaja: mia themanini na nane kwa mia na kumi. Nesi akashika kiuno, na kabla hajasema kitu mama mkwe akainuka taratibu, akajitengeneza kitenge, akauliza kwa adabu zote, "Samahani nesi. Huyo Yasini hapo kwenye kadi ana watoto wangapi?"

"Huyu wa tumboni ndiye wa kwanza, mama."

"Hongera yake. Kwangu ana watatu."

Yelewi! Kelele zilizopigwa pale barazani sijawahi kuzisikia hata uwanjani. Zuhura akaanza kulia, "Mama, wallahi si hivyo, mume wangu yuko Tunduru, huyu nimemwazima tu!" Mmoja akadakia nyuma, "Mume anaazimwa?" Mwingine akamjibu, "Kama kinu, shoga!" Mzee mmoja aliyekuja na jino linalomuuma akacheka mpaka akashika shavu kwa maumivu.

Nesi akagonga meza, watu wakatulia. Akamwambia Zuhura, "Wewe mama, hapa hatumrudishi mtu kwa kukosa mume, ungeniambia ukweli ningekuhudumia." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Presha hii nilikuwa naiandika kwa Yasini. Mhudumu wetu angemfuatilia Yasini, dawa angetafutiwa Yasini, na wewe ungeanguka huko na presha isiyo na mwenyewe. Jina lako nani?"

Nikalitaja kwa chini.

"Sisikii."

"OSMUND!"

Mama mkwe akatoa simu. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo simu yake ni ya sauti kubwa siku zote, hakuna siri. "Skola mwanangu, mumeo nimemkuta kliniki ya wajawazito, amemsindikiza jirani yenu Zuhura." Akamweleza yote, hakubakisha.

 Halafu nikamsikia mke wangu, taratibu kabisa. "Mama, Zuhura amepata wa kumsindikiza. Mimi mimba zote tatu nilikwenda peke yangu. Kila nikimwomba, naambiwa wateja wamejaa."

Hakuna aliyecheka.  Kuchekwa nimezoea, hiyo ni kazi yangu, lakini pale niliona aibu yenyewe, nikatamani yule nesi anirudishie ule mkanda unibane mpaka nipotee.

"Halafu presha yake ni mia themanini na nane," mama mkwe akaongeza.

 "Mwambie Jumapili asije," Skola akasema, simu ikakatika.

Basi, nikajua nimeachwa. Nikapewa kadi yangu, jina langu, tarehe ya kurudi na dawa ambazo sikuzisikia hata zinavyoelezwa, nesi akarudia mara tatu. Alhamisi sikufungua saluni. Ijumaa jioni nimekaa kizani sijawasha taa, mlango ukasukumwa, Skola huyo na begi lake, watoto nyuma yake. Hakunisalimia. Akapita moja kwa moja jikoni, akachukua kopo la chumvi, akalifungia kabatini.

"Sijakusamehe," akasema. "Kaka yangu nimemlisha uji kwa kijiko miaka miwili, Osmund. Sina nguvu ya kumlisha na mume. Dawa umekunywa?"

Nilikuwa nimekunywa. Nikamwonyesha, kidonge kwa kidonge, kama mtoto wa shule anayeonyesha madaftari. Kisha nikamwomba radhi, ya kliniki na ya zile mimba tatu, na kwa mara ya kwanza tangu anioe (ndiyo, mimi nasema yeye ndiye aliyenioa) sikuongeza utani mwishoni.

(Yasini naye aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, akaniletea korosho, akaniambia asante, usirudie.) Sitarudia! Jina la mtu mwingine sitaliitikia tena, hata nikiitiwa pilau.

Tarehe ya kurudi ilipofika tukaenda wote wawili, mimi na Skola. Meza ileile, nesi yuleyule, baraza limejaa. Nesi akaniangalia mimi, akamwangalia Skola, akamuuliza kwa ile sauti yake, "Na huyu je? Wako, au wa jirani?" Watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Skola akavuta kiti akakaa, akaisukuma kadi yangu mbele. "Ni wangu, nesi. Lakini hapo andika namba yangu ya simu, maana huyu akishafika hapa husahau anaitwa nani."