Bi Nyota wa Uani

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka hata sasa viganja vinanitoka jasho. Umenijia umejaa furaha, unasema umepata nyumba hapa mtaa wa Mwanga, mwenyewe ana safari, anataka mmalizane kesho. Vizuri. Keti kwanza. Chai iko kwenye chupa, jimiminie mwenyewe, na hiyo simu igeuze chini nisiione ikiwakawaka ninapozungumza.

Miaka ile ya Ujamaa tulikuwa tunakaa kwenye kota za reli hapa Kigoma, mimi na marehemu mume wangu, Baba Tatu. Yeye alikuwa fundi wa karakana. Kota ni nyumba ya kazi: ukihamishwa unarudisha ufunguo hapa, unapewa mwingine kule, unaingiza kitanda na masufuria, maisha yanaendelea. Mimi niliolewa Urambo, Tatu nikamzaa Tabora, na mwishowe tukafika hapa reli inapoishia. Katika kuhama kote huko hatukuwahi kuuliza nyumba ni ya nani. Ilikuwa ya reli, basi.

Siku cheche ya chuma ilipomwingia Baba Tatu jichoni, kazi iliishia hapo hapo. Akapewa kiinua mgongo, akaambiwa mwisho wa mwezi kota inatakiwa, kuna fundi mwingine anakuja. Mwanangu, nilichanganyikiwa! Kwao Kasulu nyumba ya baba yake ilikuwa imeshabomolewa, ndugu wamehamishiwa kijiji kipya ambacho hata kukiona hatujakiona. Kwetu mimi nilikuwa nimebaki peke yangu. Na hapa mjini, mtu asiye na kazi wala pa kulala alitazamwa kwa jicho baya, akiambiwa aende kijijini akalime. Mume wangu hata ncha ya jembe haioni sawasawa, akalime nini? Tulihitaji nyumba yetu wenyewe, na tuliihitaji mwezi ule ule.

Ndipo akatokea Sadiki. Fundi cherehani wa Ujiji, mtanashati, mwenye mdomo wa asali. Alikuwa na nyumba ya vyumba vinne iliyoezekwa bati, na michikichi mitatu uani. Alisema anavuka kwenda Kongo kumfuata mkewe, boti inaondoka Kibirizi siku ya Ijumaa. Baba Tatu aliiona nyumba mara moja tu, akaipenda. Alirudi kota anacheka, na kicheko chake nilikuwa nimekisahau tangu ajali.

"Ijumaa tunampa chake, anatupa ufunguo, tunaingia," akaniambia.

Nikamuuliza, "Na yule bibi niliyesikia yuko uani?"

"Mpangaji tu. Sadiki ameshamwambia ahame."

Sasa ngoja nikueleze desturi ya mtaa ule, maana sisi hatukuijua na Sadiki hakututajia. Miaka ile ardhi ilikuwa ya taifa. Mtu hauzi udongo, anauza nyumba na miti aliyopanda. Nyumba ikitaka kuuzwa, wenye nyumba hiyo wote hukaa mkekani, wanawake kwa wanaume, balozi wa nyumba kumi akiwepo. Wakishakubaliana, mnunuzi anazungushwa mpakani penye ua wa minyaa. Kwenye kila pembe jirani anatoka kwake, anaelezwa huyu ni nani na ameletwa na nani. Jirani akisema karibu, mnakwenda pembe inayofuata. Watu wa reli tungeyajulia wapi hayo? Sisi tulijua filimbi ya treni.

Ijumaa tukafika mapema. Sadiki alikuwa ameweka viti sebuleni, na dirisha la barabarani amelifunga. Joto lote lile la Ujiji, dirisha limefungwa! Wanaume wakaketi, mimi nikapita uani kutazama jiko.

Nikamkuta bibi anatwanga chikichi kinuni, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mawese? Rudi mchana, hayajawa tayari."

"Sikufuata mawese. Sisi ndio wanunuzi."

Mchi ukasimama. "Mnanunua nini?"

"Nyumba."

"Nyumba ipi?"

Nikaionyesha kwa kidevu. Hakupiga kelele. Aliufuta mchi taratibu, akauegemeza ukutani, akaniambia, "Udongo wa ukuta huu nimeubeba kwa kichwa changu, mimi na marehemu kaka yangu, baba yake Sadiki. Mimi ndiye Nyota, shangazi yake. Wenye nyumba hii tuko wengi, mwanangu. Wengine wako Ilagala kwenye uvuvi, hawana habari. Nani amewaambia inauzwa?"

Lahaula! Na papo hapo nikamsikia Baba Tatu ndani anakohoa, kikohozi chake cha kuanza jambo kubwa, na nilijua bahasha yenye kiinua mgongo chake iko kwenye mfuko wa koti. Nikatimka.

Nilipoingia, bahasha ilikuwa mezani, mkono wa Sadiki umeshaigusa. Nikaikandamiza kwa kiganja changu.

"Mama Tatu, toka," mume wangu akasema bila kunitazama. "Haya si yako."

Mwanangu, sijui kama utaelewa. Nikisema neno, nyumba imekwenda, na mwisho wa mwezi unatuangukia tuko na mtoto na hatuna pa kumlaza. Nikinyamaza, kila tulichonacho kinavuka ziwa, na sisi tunabaki kumburuta bibi kizee atoke kwenye nyumba aliyoijenga. Sadiki alikuwa anavuta, mimi nakandamiza.

"Muulize yule bibi atalala wapi leo," nikasema. "Ni shangazi yake, Baba Tatu. Si mpangaji. Nyumba ni ya ukoo."

Sadiki akasimama. "Mzee, kama nyumbani kwako anayeamua ni mke, niambie. Wanunuzi wengine wapo, na boti hainisubiri."

Baba Tatu naye akasimama. Hakuwahi kuniaibisha mbele ya watu, wala mimi sikuwahi kumwaibisha yeye, lakini siku ile nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja. Nilichosikia ni dirisha linafunguliwa. Bi Nyota alikuwa ameingia na mikono yake ya mawese, amelisukuma dirisha, anaita barabarani kwa sauti ambayo sikudhani anayo:

"Mama Kashindi! Mwite balozi! Njooni mmwone mnunuzi wa nyumba yetu!"

Sadiki hakungoja balozi. Alichukua ufunguo wake akatoka, kanzu inapepea. Bahasha ikabaki chini ya kiganja changu.

Nilidhani bibi atatuonea huruma. Wapi! Alitugeukia.

"Na nyinyi watu wa reli, mmezoea kupewa ufunguo mkadhani hiyo ndiyo nyumba. Mtoto wenu akishikwa na homa, mngegonga kwa nani mtaa huu? Msiba ukiwafika, nani angewatandikia mkeka? Na mimi mngenitoaje, mngenishika miguu? Mtu mzima una jicho moja zima, baba, na hilo moja umelifumba mwenyewe."

Baba Tatu aliinamisha kichwa. Tukaondoka kwa miguu mpaka Kigoma, yeye mbele, mimi nyuma, hatusemeshani.

Kota tukairudisha. Tulipanga chumba kimoja Katonga, karibu na wanaoanika dagaa, masika yote bati linavuja juu ya kichwa cha mtoto. Baba Tatu alikuwa akila chakula changu na kuniambia ahsante, zaidi ya hapo hakuna. Nililia sana, sikufichi. Kuna usiku nilijiuliza kwa nini sikunyamaza.

Kiangazi kilipoingia, Bi Nyota akatuma mtu. Wa Ilagala walikuwa wamekuja, wamekaa mkekani, wamebishana mpaka wamechoka. Waliamua kuuza, kila mmoja na fungu lake, hata la Sadiki likawekwa mpaka atakaporudi; hakuwa mtu mbaya yule, haraka ilimharibu. Sharti lao likawa moja, kwamba Bi Nyota abaki na chumba chake mpaka Mungu amchukue. Baba Tatu alikubali kabla hawajamaliza kusema.

Kisha tukazungushwa. Bi Nyota alimshika mkono upande wa jicho bovu asijikwae kwenye mizizi. Pembe ya kwanza akatoka Mama Kashindi, akauliza kama desturi inavyotaka, "Mnatuletea nani?"

Mimi nilitegemea aseme fundi wa reli, au mnunuzi. Bi Nyota akasema, "Mwanangu huyu. Na yule mkewe."

"Karibu nyumbani, baba," Mama Kashindi akasema.

Mume wangu, mwanamume aliyekaa kota kuanzia Tabora mpaka ziwani bila jirani kulijua jina la baba yake, alilia mbele za watu. Mpaka tunafika pembe ya mwisho alikuwa bado analia, na jioni ile ndipo aliponiita jina langu tena.

Basi mwanangu, kesho usiende na hela. Nenda mikono mitupu. Mwambie mwenye nyumba unataka kuwaona ndugu zake, na akisema wako mbali, wewe mwambie utangoja. Pita uani. Ukimkuta mtu, mwamkie, muulize atalala wapi ukishahamia, na jibu lake ulisikilize kuliko la aliyeshika ufunguo. Gonga kwa majirani wa kila upande, wajue jina lako. Mwenye nyumba akikuharakisha, mwache aende na safari yake. Bora upange chumba kinachovuja, uilaumu mvua, kuliko kulala pakavu ukisikia mtu analia nje kwa sababu yako.

Mungu akupe nyumba ambayo aliyekuuzia anaweza kurudi kukutembelea, akala kwako akashiba. Akujaalie majirani watakaomwita mwanao kwa jina, na siku ukiugua wasingoje kuitwa. Amin. Sasa kunywa hiyo chai, imepoa.