Spea Alizoleta Masanja

Mimi ni mzee sasa, na mtu akishazeeka wajukuu huanza kunong'ona kwamba anachanganya mambo. Mengine labda nachanganya. Hili la gari sijalichanganya, kwa sababu nilikuwemo ndani yake, na mkono wa mume wangu ulikuwa na alama za meno yangu mpaka siku tuliyomzika. Sikulazimishi uamini. Sikiliza tu, halafu useme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Tulikaa nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Mume wangu, Baba Kulwa, alifanya kazi ya kutia grisi mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa mtu wa vyuma. Akisikia injini inapita barabarani huacha hata kula, asikilize inakohoa wapi.

Basi kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa pamba aliyehamia Mwanza, akaacha gari lake bovu nyuma ya ghala. Gari la zamani, boneti ndefu, la kuwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mbele. Lilipigwa na mvua na jua miaka mingi mpaka kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Baba Kulwa akalitaka. Wakakubaliana alipe mtamba mmoja. Mtamba huyo alikuwa wangu mimi, nilipewa na baba yangu kule Ushetu nilipojifungua mapacha. Nakueleza hivyo ili ujue kwa nini gari lile nililitazama kwa jicho baya tangu siku lilipovutwa na ng'ombe kuingia uani kwetu.

Baba Kulwa alisema litabeba watu na magunia siku za mnada, na mtamba wangu atarudi na ndama wake. Pesa za spea hatukuwa nazo. Mafuta machafu ya injini aliyachuja kwa kanga yangu kuukuu. Gasketi aliikata kwenye boksi la sabuni, akailoweka kwenye mafuta. Tairi zilizokosa tyubu alizijaza majani makavu, akayashindilia mpaka zikawa ngumu kama gogo. Siwezi kusema uongo, ilipendeza kumwona. Lakini kulikuwa na vitu ambavyo mkono wa mtu hauwezi kuvitengeneza uani. Kabureta ilikuwa imeliwa na kutu. Koili ilikuwa imekufa. Pampu ya maji ilikuwa na ufa. Dukani wakamwambia spea za gari kama hilo hazipo tena, labda Nairobi. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha dereva mpaka jua likazama.

Kesho yake alasiri ndipo alipokuja yule mtu.

"Mwadila," alitusalimia kwa Kisukuma, tukaitikia. Alikuwa wa rika la mume wangu, mwembamba, amevaa koti la kaki lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Na jua lile la Shinyanga kabla ya mvua, wewe unalijua. Begani alikuwa na gunia la katani.

"Nimesikia una gari linalotaka kabureta," akamwambia Baba Kulwa.

Nani alimwambia? Mume wangu hakuuliza. Macho yake yalikuwa kwenye gunia. Yule mtu akatoa kabureta, safi kabisa, ya gari lile lile. Nikaipokea mimi kuipeleka kivulini, na niamini, ilikuwa ya baridi kama mtungi wa maji.

Nikamkaribisha maji ya kunywa. Akatikisa kichwa. "Ahsante, Mama. Maji nimekunywa ya kutosha."

Akasema anaitwa Masanja. Nikamuuliza anatoka wapi. "Huku chini," akajibu, akionyesha kwa kidevu upande wa barabara ya Songwa. Malipo je? Hataki malipo. Gari likiwaka, apelekwe nyumbani kwao, basi.

Alipoondoka nikaenda kukunja ngozi ya ng'ombe aliyokalia. Ilikuwa na mchanga. Mchanga mweupe, wenye chembe kubwa, wa mtoni. Udongo wetu pale ni mweusi, wa mbuga, unang'ang'ania mguu. Mchanga kama ule ulikuwa haupatikani karibu na kwetu hata kidogo. Nikaufagia.

Akarudi na koili. Akarudi tena na pampu ya maji. Kila mara alasiri, kila mara kitu kile kile kilichokuwa kinatafutwa, na kila mara nilifagia mchanga. Mwanzoni nilidhani ni mwizi anayeiba kwenye karakana za mgodi wa almasi, na siku moja polisi watatuvamia. Halafu nikawaza la mumiani. Siku hizo, ukiona mtu usiyemjua na gari la bure, ungewaza nini kingine? Watu walikuwa wanasimuliana kila jioni kuhusu magari yanayochukua watu kwenda kukamuliwa damu.

Nikaenda kwa Mama Shija, jirani yetu aliyeuza uji pale njia ya kwetu inapokutana na barabara. Hapakuwa na njia nyingine ya kufika kwetu, na kila anayepita lazima amwone. Nikamuuliza kuhusu mtu mwenye koti la kaki na gunia.

"Hapa hajapita mtu kama huyo," akasema. "Jana nilikuwepo mchana kutwa. Hajapita."

Nikamweleza mume wangu. Akacheka, mikono imejaa grisi. "Mama Kulwa, wewe hata mvua ikikunyeshea utataka kujua imetumwa na nani."

"Nitataka," nikamwambia. "Hasa ikininyeshea peke yangu."

Siku gari lilipowaka, uwanja mzima ulijaa watu. Baba Kulwa alizungusha hendeli, likakohoa, likatoa moshi mweusi, halafu likanguruma sawasawa. Nilimwona mume wangu akijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Watu walipotawanyika, Masanja alikuwa amesimama kando ya gari. Hakuna aliyemwona akija.

"Twende," akasema. "Mimi na wewe tu. Mwanamke abaki."

Neno hilo ndilo lililonipandisha mimi garini. Niliwaacha mapacha kwa Mama Shija, nikakaa kiti cha nyuma. Masanja alinitazama kidogo. Akapanda mbele.

Tulikwenda mpaka jua likawa chini. Tukafika kwenye mto wa mchanga, ile mito yetu inayokauka kiangazi chote, barabara inakatiza chini kwenye mchanga na kupanda ng'ambo. Kulikuwa na kina mama wawili wanachota maji kwenye visima walivyochimba mchangani. Mvua kwetu ilikuwa bado, ila mbali sana, upande mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi.

Katikati ya mto Masanja akasema, "Simama hapa. Zima injini ipumzike." Mume wangu akazima. "Nisubirini kidogo, naenda kuwaita wenyeji." Akashuka, akatembea juu ya mchanga kufuata mto, akapotea kwenye kona.

Nikatazama aliposhuka. Nilitafuta alama za miguu. Hazikuwepo.

"Baba Kulwa, tuondoke."

"Amesema tusubiri."

Sauti ile haikuwa yake. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele kama mtu aliyelala macho wazi. Nikamtikisa. Nikamvuta bega. Ilikuwa kama kuvuta mti. Chini yetu gari likaanza kuzama taratibu, na nilipochungulia, mchanga uliokuwa mkavu ulikuwa umelowa.

Ndipo wale kina mama wakaacha ndoo zao, wakakimbilia ukingoni wakipiga kelele, "Minzi, minzi!" Hata asiyejua Kisukuma angeelewa. Maji yalikuwa yanakuja. Nilisikia mlio wake kabla sijayaona, kama ng'ombe wengi wanaokimbia.

Nilishuka, nikafungua mlango wa mume wangu, nikajaribu kubandua vidole vyake kwenye usukani. Havikubanduka. Nikainama nikamng'ata mkono kwa nguvu zangu zote mpaka nikaonja damu. Akapiga ukelele, akaachia. Akanitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza siku ile. Tukakimbia. Maji yalitufikia magotini, halafu kiunoni, na wale kina mama wakatuvuta kwa kanga zao mpaka juu.

Tulipogeuka, maji mekundu yalikuwa yamefika kwenye boneti. Na hapo, sikiliza, injini ikawaka. Hakuna aliyezungusha hendeli. Iliwaka ndani ya maji, ikanguruma kama ilivyonguruma mchana uani kwetu, mpaka paa likazama nayo ikanyamaza. Tuliisikia sote wanne.

Kina mama wale walitulaza kwao. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua, tukarudi mtoni. Gari letu halikuwepo. Tulichoma mchanga kwa miti mirefu kutwa nzima, hatukugusa chuma. Lakini mkondo ulikuwa umechimbua mahali pengine, karibu na kona ile, na pale gari lingine lilikuwa limefunuliwa nusu. La aina ile ile.

Mama mmojawapo, mkubwa kwa umri, akashika mdomo. "Hili ni la Masanja," akasema. Sisi tulikuwa hatujamtajia jina. "Dereva aliyechukuliwa na maji mwaka ule wa mvua kubwa. Tulichimba, hatukumpata. Mtu wa koti yule, hata jua liwe kali namna gani, kifungo hafungui."

Baba Kulwa akafunua boneti. Kabureta hakuna. Koili hakuna. Pampu ya maji hakuna. Kila kitu kingine kilikuwa kimeoza kwa kutu, isipokuwa vishimo vya bolti. Vile viling'aa, kama vimefunguliwa kwa spana wiki ile.

Hakurudi tena kiwandani. Tulihamia Ushetu kwa ndugu zangu, tukalima tumbaku. Alikuwa mume mwema na alizeeka vizuri, ila kila mwanzo wa mvua vidole vyake vilijikunja vyenyewe usingizini, kama vimeshika duara, na mimi nilikuwa naamka kuvinyoosha kimoja kimoja. Wakati mwingine alisema kwa sauti ile nyingine, "Tusubiri kidogo." Nilikuwa nikimjibu, "Hatusubiri," mpaka anyamaze. Kaburi lake alilichagua mwenyewe, juu kilimani, mahali ambapo maji hayajawahi kufika.

Nawe unayenisikiliza, mtu akikuletea kitu unachokihitaji kabla hujamwambia mtu yeyote, muulize amekitoa wapi. Na akitaka kwa malipo umrudishe kwao, muulize ni nani anayemngoja huko. Akutajie jina la mtu mmoja tu aliye hai. Akishindwa, mwache aende kwa miguu yake.