Ukuta Mmoja na Mama Mkwe

Siku ya kupiga kura ya nyumba nilivaa shati langu la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na sababu. Kura ile ilikuwa wazo langu.

Tulikuwa tumekaa kwenye mahema miaka miwili na ushei, katika uwanja wa mpira wa shule ninakofundisha Kiswahili. Mto ulipovunja kingo zake, na ziwa nalo likakataa kurudi lilikotoka, kijiji chetu cha uwandani kilibaki mapaa tu. Misaada ya kwanza ilikuja haraka, siwezi kusema uongo: blanketi, unga, maharagwe, vyandarua. Lakini nyumba ni jambo lingine. Pesa za nyumba hutoka Nairobi kwa miguu, zikisimama kila ofisi kusalimia. Sisi tukazingojea, na wanafunzi wangu wakapata kuona suruali za mwalimu wao zimeanikwa golini. Ukiingia darasani baada ya hapo kufundisha methali za heshima, hakuna anayekusikiliza.

Hatimaye zikafika. Serikali kuu ilitoa fungu, kaunti ikatoa ardhi kwenye mwinuko, kando ya barabara ya kwenda Sondu, na kuta zikaanza kupanda. Zilikuwa nyumba za mawe, vyumba viwili na jiko, bati la buluu, na kila nyumba na tangi lake la maji. Zilijengwa mbili mbili, zikigawana ukuta wa katikati ili saruji itoshe watu wengi zaidi. Nilipoziona mara ya kwanza nilipiga picha nikaitumia kila mtu ambaye namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, hata fundi wa pikipiki.

Sasa, mimi nina mdomo. Minong'ono ilipoanza kwamba nyumba za mbele zitaenda kwa wenye kujuana, nilisimama katika mkutano wa wakazi nikasema zigawanywe kwa kura. Vikaratasi vitiwe kwenye karai, kila mtu achukue chake mbele ya macho ya wote. Watu wakapiga makofi. Makofi yakanilevya, nikaongeza kwamba mtu asiruhusiwe kubadilishana namba na mwenzake, maana hapo ndipo ujanja ungeingilia. Afisa wa kaunti, mwanamke kijana aliyeletwa kwetu kikazi kutoka upande wa Kati, aliyaandika yote, akatusomea, tukatia sahihi. Yangu ilikuwa ya kwanza, na ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Jumanne hiyo nilitia mkono kwenye karai nikatoa kumi na saba A. Nikaonyesha watu kikaratasi changu kama mtu aliyeshinda ng'ombe. Mtu wa nne baada yangu alikuwa mama mkwe wangu. Naye akatoa kumi na saba B.

Mama mkwe ni mjane. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto, na maji yaliyotufukuza sisi ndiyo yaliyomfukuza yeye. Kwetu Wajaluo, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na hakuna anayesogelea mahali mwenzake anapolala. Hata pale uwanjani alikuwa amechagua hema lililo karibu na goli la pili, ili uwanja mzima uwe kati yetu. Na sasa mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilikuwa nimempa ukuta mmoja na kitanda changu.

Watu walicheka kwanza, kisha wakaona haya kwa niaba yetu. Yeye alikunja kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la leso, akarudi hemani. Jioni mke wangu aliniletea ujumbe kwamba mama hahami.

Hapo nikaogopa kweli. Ijumaa afisa angepita kukagua, na nyumba ambayo haingekuwa na mwenyewe ndani ingepewa mtu mwingine kwenye orodha ya wanaosubiri, nayo orodha ilikuwa ndefu. Mama alikuwa amekohoa mvua mbili nzima ndani ya turubai. Magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kuinuka. Sikuona vipi angemaliza mvua ya tatu pale, na kosa lingekuwa langu.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa afisa. Nilimweleza mila kwa urefu, nikimwonyesha kwa mikono kitanda hiki na kitanda kile. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa karatasi ya mkutano na kuweka kidole juu ya sahihi yangu.

"Mwalimu, hii kitu ni wewe ulisema. Nikikubalia wewe, kesho nitakataza nani?"

Nikamwomba basi niruhusiwe kujenga ukuta wa pili ndani ya nyumba yangu. Akasema injinia amekataza mtu yeyote kugusa kuta mpaka serikali ikabidhi hatimiliki. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na methali hiyo nimeifundisha miaka kumi na tatu bila kujua kwamba ilikuwa inaningoja. Labda sura yangu ilimtia huruma, kwa sababu afisa alicheka kidogo, akasema hata kwao kuna wakwe.

"Lakini fanicha ni yako," akasema. "Sijaona mahali wamekataza fanicha."

Mke wangu ndiye aliyelielewa jambo hilo kabla sijamaliza kulisimulia. Kabla ya hapo alikuwa ameniambia mengi kuhusu watu wanaopenda makofi, na aliniita Mwalimu, jina ambalo hulitumia tu akikasirika. Akasema tutengeneze kabati. Liwe la kutoka pembe hadi pembe na kutoka sakafuni hadi kwenye bati, na nyuma yake tutundike mikeka miwili ya mafunjo, tuache nafasi ya kiganja kabla ya ukuta wenyewe.

Mchana huo nilishuka uwandani na majirani wawili tukang'oa mbao za paa la nyumba yetu ya zamani, iliyokuwa bado imesimama kwenye matope. Mikono yangu imezoea chaki. Nyundo na mimi hatukuelewana, na kabati lile hadi leo limeinama upande wa dirisha. Lakini kufikia Alhamisi lilikuwa limeuziba ukuta wote.

Kisha yakaanza maswali. Mama aliuliza kutoka hemani kama kabati lina mgongo au ni rafu tupu. Lina mgongo. Akauliza kama kitanda chetu kimehamishiwa chumba cha mbali. Kimehamishwa. Akauliza kama mikeka imefika chini. Mke wangu alikwenda na kurudi kati ya uwanja na mwinuko hadi akatangaza kwamba swali linalofuata tutaulizana wenyewe. Mwishowe mama alikuja kuona kwa macho yake. Mimi niliamriwa nitoke, nikasimama nyuma ya tangi kama mwizi wa kuku. Naambiwa aligonga kabati mara tatu, akasikiliza, akasema kwamba mtu mwenye ukuta wake ana nyumba yake.

Ijumaa afisa alipofika alimkuta ameketi mlangoni pa kumi na saba B akichambua mboga za osuga, kana kwamba alizaliwa hapo. Akaweka alama kwenye orodha. Kisha akaingia kwangu, akatazama lile kabati refu lenye sahani sita na Biblia moja.

"Mwalimu, uko na vitabu mingi sana?"

Nikamwambia natarajia kununua. Akaweka alama.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba kabati halizuii sauti. Mama mkwe husali kila asubuhi, chai ikichemka, na husali kwa sauti. Wiki ya kwanza nilijitia sisikii. Wiki ya pili nikasikia akimwomba Mungu amkumbushe mwalimu kwamba mfereji wa bati umezibwa na majani. Nikauzibua. Kesho yake akamshukuru Mungu kwa mfereji, akamtajia jogoo wetu anayefukua mboga zake. Nimetumikia walimu wakuu watano, lakini hakuna aliyewahi kunituma kwa kupitia mbinguni. Mke wangu alicheka hadi chai ikampalia.

Mvua ndefu za kwanza tangu tuhamie zilianza asubuhi ya siku ya shule. Maji yaliteremka barabarani yakielekea uwandani, na juu yetu bati lilinguruma. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja mama alipoanza kusali, na sauti yake ilikuwa ya polepole kuliko siku zote. Alishukuru kwa nyumba ya mawe. Akawaombea watu wa ofisini waliokumbuka watu wa matope, hata kama walichelewa. Kisha akashukuru kwa mgongo uliomtoa kwenye maji.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu, ambaye siku ya mafuriko alikuwa Asembo Bay kununua dagaa wa omena. Mimi ndiye niliyemkuta mama jikoni mwake, maji yakimfika kifuani. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani. Alinishika shingo, amefumba macho njia nzima, na nilipomshusha hatukutazamana. Tangu siku ile hatukuwahi kulitaja. Nilidhani ni mila peke yake iliyompeleka goli la pili. Kumbe ilikuwa pia aibu, na mimi nilikuwa nayo yangu.

"Baba," akamwambia Mungu wake upande wa pili, "sikupata mahali pa kumshukuru, kwa sababu singeweza kumtazama. Sasa kuna kabati."

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Sala ya mtu haijibiwi na jirani, lakini nilisema amina, nikaisema kwa nguvu ili ipite mbao na mikeka yote miwili.

Kisha nikamsikia akikohoa kidogo na kuendelea.

"Na bati la jikoni kwangu, Baba, limelegea msumari. Mwalimu ana ngazi."

Siku hiyo nilichelewa shule.