Jasho la Kununua

Dobi huyu watu walimwita Mistari, maana suruali iliyopita chini ya pasi yake ilitoka na mstari wa kukatia nyanya. Kazini, hakuna wa kumgusa. Lakini mbele ya wanawake, mh, usimtaje! Ulimi ulimkauka mdomoni. Mkewe alikwisha kumkimbia, na sasa moyo wake ulikuwa umemwangukia fundi cherehani wa mlango wa pili, mjane mcheshi aliyekuja kila mara kuazima pasi. Mama wa watu alisalimia, akatania, akauliza habari. Mistari alijibu "nzuri" na kuinamia shati.

Basi siku moja mchuuzi wa manukato akamvuta pembeni. "Kaka, mwanamume ana kitu katika jasho lake. Wataalamu wanakiita androstadienoni. Mwanamke akikinusa tu, kwisha habari yake!" Mistari akajaribu kulitamka jina lile, likamshinda, akalipa, akapewa chupa ya dawa hiyo. Hakujua kuwa wataalamu wenyewe bado wanabishana kama kitu hicho kinamvuta mtu yeyote. Wala hakujua kuwa pua hazikuumbwa sawa: dawa ya namna hii mmoja huisikia tamu, mwingine huisikia kama mkojo, mwingine hasikii kitu. Yeye alikuwa wa hao wa mwisho. Alinusa, akaona ni kama maji tu.

Chupa ilikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa nusu ya nguo. Angeiweka wapi, na Shangazi alikuwa anafagia humo dukani kila asubuhi? Shangazi ndiye mfuaji wa duka. Hakuwa na undugu na mtu pale, lakini ndiye aliyemfundisha Mistari kazi, na mkewe alipoondoka ndiye aliyemlazimisha kula. Kwa kumwonea haya, Mistari akaimimina dawa katika chupa ya kunyunyizia nguo, akaisukuma nyuma ya rafu pamoja na chupa nyingine za maji ya kupigia pasi.

Sasa kazi ikawa nyingi, fundi akaja kuazima pasi, akaegemea mlango akipiga soga. Macho ya Mistari yakawa kwa fundi, mkono ukajitafutia chupa wenyewe. Akanyunyizia mashati ya wateja, akapiga pasi, mvuke ukapanda na kutokea dirishani, yeye anatabasamu tu.

Kesho yake wateja wakarudi wamefura. "Nguo zetu zinanuka mkojo!" Tajiri mwenye duka akanusa kola, akakunja uso. Fundi akatoka kwake kuja kuona kulikoni. Mistari akanusa, hola. Akaitazama ile chupa mezani, na jasho lake mwenyewe, lile la bure, likaanza kumtiririka.

"Nani kafanya hivi?" tajiri aliuliza.

Angesemaje, na fundi amesimama pale? Aseme alinunua dawa ya kumvutia? Mdomo ukaitangulia akili. "Labda Shangazi. Ana tatizo kidogo. Mkojo humtoka akiinua mabeseni."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na siri hiyo Shangazi alimpa yeye peke yake, ili amsaidie kubeba mabeseni mazito. Mama yule, aliyekuwa akifua pale pembeni, hakumtazama. Alijifuta povu mikononi, akavaa ndala zake. "Nisameheni, wanangu. Mimi nilidhani haisikiki." Akaondoka.

Mistari aliimwaga dawa mferejini, akaisugua chupa kwa sabuni. Sasa hakukuwa na wa kumlazimisha kula. Aliona haya kumtazama mtu, aliona haya hata akiwa peke yake. Suruali zikaanza kutoka na mistari miwili miwili, na kwa dobi hakuna fedheha kama hiyo.

Mwishowe akaenda kwa Shangazi. Alimkuta amekaa juu ya nailoni, dirisha wazi, chumba kizima kinanukia sabuni. "Kaa kule mbali, mwanangu," alisema.

"Shangazi, si wewe. Ni mimi. Nilinunua dawa ya kuvutia wanawake, nikakosea chupa."

Shangazi alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akajishika tumbo. "Dawa ya kuvutia wanawake, inanuka mkojo! Uongo gani huo?"

"Haki ya Mungu!"

"Iko wapi?"

"Nimeimwaga."

"Haya." Akafuta machozi. "Uliponisema niliumia sana. Lakini umekuja kujipaka aibu yangu. Mwili wangu naujua mwenyewe. Nimekusamehe, Mungu akuzidishie."

Kila alivyoapa, ndivyo alivyobarikiwa.

Habari zikamfikia fundi. Alikuja bila kuazima pasi, akakaa naye benchi moja. "Shangazi kanieleza. Sikujua kuna mwanamume wa kujidhalilisha hivyo ili amsitiri mama wa watu."

"Lakini ni kweli niliinunua," Mistari alisema. "Niliinunua kwa ajili yako."

"Kumbe na utani unaujua!" Fundi alicheka, akamshika mkono. "Shangazi anarudi lini?"

"Harudi. Anasema hawezi kukaa karibu na nguo za watu, anazinukisha."

"Masikini," fundi alisema, akausogeza mwili karibu zaidi. Mistari alijua afanye nini: asimame, aape tena, aape mpaka aaminiwe. Mkono wake akauacha palepale ulipokuwa.