Imeandaliwa Na

Nikwambie mapema ili usije ukanilaumu mwishoni: kazi hakuipata. Kama unatafuta hadithi ya kukupa moyo, pita, nenda kwa mwingine.

Mimi ni mtu wa fotokopi. Mashine yangu iko chini ya ngazi, kwenye jengo lenye ofisi za mawakili, daktari wa meno mmoja, na chumba ambacho kila mwaka kinabadilisha mpangaji. Talaka za watu, wosia, barua za kufukuzwa kazi, vyote vinapita mikononi mwangu bado vina joto la mashine. Watu hudhani sisomi. Nasoma kila kitu. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa, karatasi zake zote nilizitoa nakala mwenyewe.

Mama Kiapo alikuwa ghorofa ya pili, kwa wakili. Jina hilo tulimpa sisi wa chini, kwa sababu hakuna siku aliyopita bila kiapo mkononi. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye meza iliyotazamana na mlango wa choo. Mteja akiingia analia, yeye ndiye anayemkalisha, anamsikiliza, anamwuliza tarehe, anamwuliza tena tarehe, kisha anaandika. Mikataba ya pango, mirathi, madai, hati zilizopotea, zote yeye. Wakili akitoka chumba cha ndani ni kusaini tu, halafu anarudi zake kwenye simu. Na kila karatasi, chini kabisa upande wa kushoto, ilikuwa na mistari mitatu: Imeandaliwa na, halafu jina la wakili, halafu mtaa na sanduku la posta. Mahakama haipokei karatasi isiyo na mwenyewe. Mama Kiapo aliiandika mistari hiyo huku akiongea na mtu mwingine, bila hata kuangalia.

Hakuwa na mkataba wala bima. Alipougua mgongo mwezi mzima, wakili alimpelekea faili nyumbani na kumwambia apone taratibu.

Serikali ilikuwa imetangaza nafasi za wasaidizi wa sheria mara mbili huko nyuma. Mara ya kwanza walitaka cheti, naye hakuwa nacho. Akasoma masomo ya Jumamosi, miaka miwili, akakipata. Mara ya pili walitaka stashahada. Akasoma tena, Jumamosi nyingine miaka mitatu, mama yake mzazi akimfulia sare ya chuo kama mtoto wa darasa la kwanza. Tangazo la tatu lilipobandikwa alikuwa na kila kitu kilichotakiwa. Kilichobaki ni umri: mwombaji awe hajatimiza miaka arobaini na mitano. Yeye alikuwa na arobaini na minne na miezi minane.

"Kaka, hii ndiyo ya mwisho," aliniambia siku aliyoleta vyeti nimtolee nakala. "Nikiikosa hii, nitastaafu nikitazama mlango wa choo."

Nikamwambia aache uchuro. Nikamtolea nakala safi, nikazipanga, nikazibana. Barua ya mwajiri ilikuwamo. Wakili alimwandikia kwamba ni "karani mwaminifu na mwenye bidii", na akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa pale pale mbele ya wateja: "Serikali itapata mtu! Mimi nitabaki yatima!" Kila mtu akacheka. Nadhani alisaini kwa furaha ile kwa sababu hakuamini kwamba angefika popote.

Alifika. Aliitwa kwenye mtihani wa maandishi pamoja na wengine mia tatu na kitu, katika ukumbi wa shule moja ya sekondari. Msimamizi akawasomea masharti. Andikeni namba ya mtahiniwa tu. Atakayeandika jina lolote, liwe lake au la mtu mwingine, mahali popote kwenye karatasi ya majibu, mtihani wake utafutwa, maana jina ni njia ya kumkonyeza msahihishaji. Mama Kiapo alisikia, tena anakumbuka alitikisa kichwa kukubali.

Maswali matatu ya kwanza alisema yalikuwa ya kawaida. La nne ndilo lililompa raha: mwanamke amepoteza hati ya kiwanja chake, mwandalie kiapo cha kupeleka mahakamani. Raha yake naielewa. Viapo vya namna hiyo ameandika visivyo na idadi. Aliandika aya kwa aya, namba kwa namba, akaacha nafasi ya saini ya mwapaji na nafasi ya hakimu, hakufuta hata neno. Alimaliza wa kwanza. Alipeleka karatasi mbele, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi kuwangoja wenzake. Aliniambia kwamba kwa robo saa ile pale kwenye ngazi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko watu wote.

Kisha wenzake wakatoka, wakaanza kulalamika kama watahiniwa wote. Kijana mmoja aliyevaa tai akasema, "Mimi lile swali la nne mwishoni lilinishinda. Pale chini, pa kuandaliwa na nani, sikujua niweke nini. Nikaacha wazi."

Mama Kiapo akasimama pale ngazini.

Alikuwa ameandika. Chini kabisa, kushoto, mistari mitatu: Imeandaliwa na, jina kamili la wakili, mtaa na sanduku la posta. Alirudi ukumbini mbio, mwanamke mzima na mgongo mbovu. Msimamizi alikuwa ameshatia gundi bahasha.

"Baba, nakuomba. Nifute jina tu. Hata ufute wewe, mimi nisiguse."

"Mama, bahasha ikishafungwa si yangu tena."

Alikuja kwangu moja kwa moja, akakaa juu ya boksi la karatasi. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nilidhani ananitania. Mtu wa kusahau kuandika jina lake nimemwona, lakini mtu wa kuwekea jina la bosi wake kwenye mtihani wake mwenyewe? Nilipoona hacheki, nikazima mashine.

"Kaka, mkono ndio ulioandika," alisema. "Mimi sikuwapo."

Wiki tano alingoja. Mama yake alimwuliza kila jioni, "Wamepiga?" naye akajibu bado, hakuwa na ubavu wa kumweleza. Mimi nilimpa moyo wa uongo, kwamba huenda msahihishaji alichoka, kwamba karatasi ni nyingi. Majina, yaani namba, zilipobandikwa, tulikwenda wote wawili. Kulikuwa na orodha tatu kwenye ubao: waliofaulu, wasiofaulu na waliofutiwa. Orodha ya tatu ilikuwa na namba moja tu. Ilikuwa imebandikwa kwenye karatasi nzima peke yake, na pembeni wameandika: ameandika jina. Yule kijana wa tai tulimkuta pale, namba yake ilikuwa kwenye orodha ya kwanza.

Chini ya ubao palikuwa na tangazo la rufaa. Siku saba za kazi, iambatane na barua ya mwajiri kueleza kilichotokea. Hapo ndipo nilipoona uso wake ukirudi. Barua ni kazi yake bwana. Alirudi ofisini akaiandika siku hiyo hiyo, kwa niaba ya wakili, kwenye karatasi yenye nembo ya wakili, wakili abaki na kusaini tu kama kawaida yao. Nilikuwapo, maana nilikuwa nimepeleka faili juu.

Wakili akaisoma amesimama. Akaisoma mara ya pili amekaa.

"Mama, umeandika vizuri mno," alisema. "Lakini hapa. 'Kwa miaka kumi na tisa ameandaa nyaraka zote za ofisi hii, na kwa mazoea hayo mkono wake umezoea kuweka jina langu.' Zote?"

"Zote, bosi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unasaini."

Hakukusudia dharau, namjua. Alijibu swali, basi. Lakini wakili aliiweka karatasi mezani kama kitu kinachochoma.

"Hii nikisaini nimejichimbia kaburi. Kesho chama cha mawakili wataniita kuniuliza nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo."

"Basi niandike 'baadhi ya nyaraka'."

"Baadhi zipi? Si watataka kuziona?" Akavuta pumzi, akalainisha sauti. "Iache hapa, mama yangu. Nitaipitia kwa utulivu."

Akaiwekea juu yake kioo chake kizito cha kubania karatasi. Siku ya pili ilikuwa pale. Siku ya tatu ilikuwa pale. Siku ya tano wakili alisafiri kikazi, na simu yake ikawa haipatikani, simu ile ile ambayo haijawahi kuzimwa tangu inunuliwe. Nilimwambia Mama Kiapo asaini mwenyewe, saini ya bosi wake anaijua kuliko mkewe anavyoijua. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nione aibu.

"Kaka, nimewaandikia watu viapo miaka kumi na tisa," alisema. "Leo nighushi?"

Siku ya saba, saa nane mchana, alishuka na rufaa yake. Ukurasa mmoja na nusu, bila barua ya mwajiri. Ofisi ya rufaa ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu. Nilikuwa nimeshainyoosha kwenye kioo cha mashine aliponishika mkono.

"Subiri. Hapa chini hapana mtu. Niweke nani?"

"Niweke nani vipi?"

"Imeandaliwa na. Niweke nani?"

Nilipandwa na hasira, sijui hasira na nani. Nikamfokea mbele ya wateja. "Weka jina lako! Nani mwingine ameiandaa? Mimi?"

"Langu?"

"Lako!"

Akachukua kalamu. Mwanamke ambaye kiapo kizima anakiandika mtu akinywa chai hajaimaliza, alichukua muda mrefu kwenye jina lake mwenyewe. Aliandika kwa herufi kubwa zilizoachana, akatazama, akaongeza mtaa wa kwa mama yake. Sanduku la posta hana. Nikatoa nakala mbili alizotaka. Alipokuwa anaandika anwani juu ya bahasha, karatasi yake ikiwa bado kwenye mashine, nikabonyeza tena, ikatoka ya tatu, nikaitia kwenye droo yangu. Hakuona.

Jibu lilikuja baada ya mwezi na nusu, mistari miwili. Rufaa imekataliwa kwa kukosa barua ya mwajiri. Mwombaji anashauriwa kuomba tena nafasi zitakapotangazwa. Wiki iliyotangulia alikuwa ametimiza miaka arobaini na mitano. Aliisoma barua pale kwangu amesimama, akaikunja mara nne. Juu kulikuwa na mteja anamngoja. Alipanda, na kabla ya saa kumi alishuka na kiapo cha kunitolea nakala. Chini kushoto, mistari mitatu, jina la wakili.

Wakili alirudi safari zamani, akamletea kitenge. Barua ile sijui aliipeleka wapi. Kile kioo chake kipo mezani, kinabania bili ya umeme.

Juzi Mama Kiapo alikuja kutafuta pini za kubania. Mashine ilikuwa imemeza karatasi, mikono yangu ina wino, nikamwambia afungue droo ajichukulie. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilipogeuka alikuwa ameishika ile nakala, anaisoma, polepole, mpaka chini. Nikangoja alie, au anitukane kwa kumwibia.

"Hapa nilikosea," alisema. "Tarehe ilitakiwa ikae juu ya saini."

Akairudisha kwenye droo kifudifudi, maandishi yakitazama chini, akachukua pini zake, akapanda ngazi.