Shangazi Arlys na Bomba Lililofichwa na Maboksi

Hapa kwetu Nordlie, Minnesota, watu hawakasiriki. Yaani ukimgonga mtu gari lake kwenye barafu, yeye ndiye anashuka kukuomba radhi, halafu mnaongea hali ya hewa hadi polisi aje. Mji mzima una mtu mmoja tu mwenye hasira za wazi, na huyo ni shangazi yangu Arlys, dada yake baba, na mimi nampenda hadi basi. Akikasirika shingo inakuwa nyekundu kuanzia chini kwenda juu, kama kipimajoto, na watu wa kanisani wanaanza kutafuta makoti yao.

Shangazi anafanya kazi kwenye kiwanda cha Rundhaug, cha lutefisk. Ni samaki kutoka Norwe, waliokaushwa wakawa wagumu kama ubao, wanalowekwa kwenye kostiki soda, ile ile ya kuzibulia mabomba, hadi wanavimba na kulainika. Baadaye wanaoshwa kwa maji siku nyingi hadi kostiki yote iondoke, ndipo wanaliwa na siagi ya kuyeyuka. Kila Novemba makanisa yote ya Kilutheri yanataka lutefisk kwa wakati mmoja. Msiniulize kama ni tamu. Sisi tunakula.

Mtu wa kuchanganya hiyo kostiki ni Shangazi. Na mjue, kazi ile haina mzaha. Maji yanatangulia kwenye tangi, kostiki inafuata, kidogo kidogo. Ukigeuza, ukamwagia maji juu ya kostiki, inachemka papo hapo na kukurukia usoni. Shangazi anavaa miwani inayobana pande zote, juu yake ngao ya plastiki ya uso, aproni nzito inayoshuka hadi chini ya mdomo wa gambuti, na glovu ndefu zenye pindo lililokunjwa nje ili tone likiteremka lisiingie kwenye mkono. Suruali inakaa nje ya gambuti. Kuna mwanamume mmoja aliwahi kuchomeka yake ndani ili apendeze, Shangazi akamwuliza kama miguu yake amechoka nayo.

Sasa hasira zenyewe zilianza Machi, na zilianza na LaVonne.

LaVonne ni rafiki yake Shangazi tangu wote wana meno ya utoto. Ni mpole kupita kiasi, mtu wa kukukatalia kahawa mara tatu huku anaitaka. Siku hiyo ya Machi alikuwa anasafisha tangi, bomba la mpira likafyatuka, maji ya kostiki yakampiga jichoni. Miwani alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ilijaa ukungu. Kostiki ikiingia jichoni hungoji kitu, unakimbilia maji, na unakaa chini ya maji robo saa nzima au zaidi, hata ukilia, hata ukiapa umepona. Kiwanda kina bomba la dharura kwa kazi hiyo. Juu ni bafu la kukumwagia mwili mzima, chini kuna vijibomba viwili vya macho. Unavuta mkono wa chuma, maji yanakuja na hayakatiki mpaka mtu ayafunge.

Lakini siku hiyo mbele ya bomba hilo, na chini yake kabisa, palikuwa pamejengwa ukuta wa maboksi. Ni maboksi yaliyobaki, ya kufungashia samaki wa zawadi za Krismasi, yenye picha ya babu wa Rundhaug aliyeanzisha kiwanda, anatabasamu. LaVonne alienda amefumba macho, akagonga maboksi, akarudi, akagonga tena. Shangazi ndiye alimshika kiunoni, akapanda juu ya maboksi naye, akamvuta kama gunia hadi kwenye maji. Na mzee Orville Rundhaug, baba wa bosi, akaja mbio na chupa ya siki, eti siki inaua kostiki, amwagie jichoni. Shangazi aliipiga ile chupa ikaruka hadi ukutani. Mzee wa watu, nia yake njema, lakini siki ndani ya jicho lililoungua, jamani.

Basi hospitali, bandeji, na baada ya wiki kadhaa LaVonne akarudi kazini, upande wa kufungasha. Watu wakimwuliza jicho vipi, anajibu sio mbaya. Kila mtu akafurahi kwamba sio mbaya. Bosi mwenyewe, Curtis Rundhaug, alimpelekea keki za kukata vipande, trei nzima, na mambo yakaishia hapo. Maboksi yaliondolewa. Shangazi akasema sawa.

Novemba ikaingia, oda zikawa nyingi, na Shangazi akaingia kazini asubuhi moja akakuta maboksi yamerudi. Pale pale. Babu anatabasamu.

Nilikuwa kwao jioni ile, na sijawahi kuona mtu anamenya viazi kwa chuki namna hiyo. Alisema ameyatoa mwenyewe, yote, akayapanga ukumbini. Kesho yake yamerudi. Akayatoa tena. Akamwendea Curtis ofisini, akamwambia kwa sauti ya kawaida, na Curtis akasema anamwelewa kabisa, ni suala la siku chache tu, msimu ukiisha. Halafu akamwuliza matairi yake ya theluji ameshafunga. Shangazi alirudi ananiambia, "Ameniuliza matairi. Jicho la mtu, yeye matairi."

Alimwendea LaVonne wamkabili Curtis wawili. LaVonne akasema ah, mwenzangu, ni msimu, Curtis ana mawazo mengi, tusimwongezee. Hapo Shangazi alimkasirikia hata LaVonne. Walikaa siku mbili bila kuongea, na kwa hapa kwetu hakuna aliyegundua, maana walikuwa wanasalimiana vizuri tu.

Ijumaa ndiyo siku ya kulijaribu lile bomba. Ni sheria kabisa, kila wiki lifunguliwe, maji yatiririke yatoe kutu, ijulikane linafanya kazi. Ila tangu maboksi yarudi hakuna aliyekuwa analijaribu, kwa sababu ambayo hata mtoto anaielewa. Ijumaa hiyo Shangazi alivaa kila kitu, miwani, ngao, aproni, glovu, gambuti, akaenda akanyoosha mkono juu ya maboksi, akavuta.

Nyie. Lile bafu halimwagi kama bafu la nyumbani, linamwaga kama mtu amepindua pipa. Kwanza maji ya rangi ya chai, halafu meupe. Babu wa Rundhaug akaanza kukunjamana. Kadibodi ikalegea, safu ya juu ikazama ndani ya safu ya chini, wafungashaji wakaacha kazi wakaja kuangalia. Shangazi amekunja mikono na yale maglovu yake, amesimama mbele ya mkono wa chuma.

Curtis akatokea na tai yake, anateleza. Akamwambia funga maji. Shangazi akasema bado, anajaribu bomba. Curtis akasema ameshaona linafanya kazi, afunge.

"Robo saa," Shangazi akasema. "Mtu aliyeungua anakaa robo saa. Na wewe simama uone ni ndefu kiasi gani."

"Arlys, yale ni maboksi ya Krismasi."

"Naona. Wewe huwa unayaona vizuri sana."

Curtis ni mtu mkubwa, angeweza kumsukuma. Ila Shangazi ndiye aliyemfundisha Sunday school, na kuna vitu huwezi kumfanyia mtu aliyekufundisha kuimba na kupiga makofi. Akabaki pale, maji yanaingia kwenye viatu vyake. Akageukia wengine, akatafuta msaada, akampata LaVonne. Akamwambia, na wala hakuwa mkali, alikuwa anaomba, "LaVonne, mwambie mwenzako. Ilikuwa ajali, na wewe umeshapona. Si umepona?"

LaVonne akatabasamu lile tabasamu lake. Shangazi anasema alijua kabisa jibu litakalokuja, na alitamani kumzaba kofi kabla halijatoka. Maji yanamwagika tu. Lakini LaVonne akaziba jicho lake la kulia kwa kiganja, lile zima, akabaki anamwangalia Curtis kwa lile la kushoto.

"Hivi sikuoni, Curtis," akasema. "Naona mwanga wa taa kidogo. Ni hivyo tangu Machi."

Hakuna mtu aliyekuwa anajua. Mume wake hakuwa anajua. LaVonne alikuwa anageuza kichwa wakati wa kuendesha gari na watu wakadhani ana maumivu ya shingo. Alikuwa amenyamaza kwa sababu Curtis alileta keki kwa moyo mmoja, na aliona ni vibaya mtu alete keki halafu umwambie humwoni.

Curtis akamwuliza, kwa sauti ndogo sana, siku ile ilimchukua muda gani kufika majini. LaVonne akasema hajui, aliona giza tu. Anachokumbuka ni kadibodi mikononi mwake, na alidhani amepotea njia, maana anajua bomba liko wapi, alikuwa analipita kila siku.

Basi Curtis Rundhaug, na tai yake na shati jeupe, akaingia chini ya yale maji akaanza kuvuta maboksi. Yanamchanikia mikononi, anayazoa kwa mikono miwili kama uji. Hakuna aliyemsaidia kwanza. Halafu wakaja wote. Shangazi peke yake hakushika hata kipande, alisimama na saa yake hadi robo ikatimia, ndipo akafunga maji.

Mkifikiri hapo hasira ziliisha, hammjui Shangazi. Alimwambia Curtis kulia hakutoshi, na kweli alikuwa analia. Maboksi mapya yalipokuja yalipangwa ofisini kwa Curtis, hadi dirishani, wateja wanaongea naye kupitia mwanya. Chini ya bomba pakapakwa rangi ya njano, na mistari ya njano ikachorwa kutoka kwenye kila tangi. LaVonne akapelekwa mji mkubwa kwa daktari wa macho kwa gharama ya kiwanda. Daktari alisema wamechelewa. Shangazi aliposikia hilo alienda nje kwenye theluji bila koti, akapiga teke lori la kiwanda, na bado anachechemea.

Wiki moja kabla ya Krismasi ajali ikatokea tena. Shangazi anamwaga kostiki tangini, mkanda wa ngao ya uso ukakatika, ngao ikadondokea ndani ya tangi, maji yakaruka yakampiga shavuni na shingoni na kwenye ukingo wa miwani. Hakupiga kelele. Alifumba macho, akageuka, akatembea. LaVonne aliona kila kitu kutoka meza ya kufungashia na anasema alimwangalia akipita mikono mbele kama mtu anatafuta swichi gizani, na mikono ile haikugusa kitu. Hakuna boksi, hakuna ndoo, hakuna kiti. Ikagusa chuma. Akavuta.

Alikaa chini ya maji muda wote unaotakiwa na zaidi, LaVonne amemshikia bega, naye analoa. Curtis amesimama pembeni na blanketi. Shavu limebaki na alama ya pinki, ndogo kama punje ya mahindi, macho yote mawili mazima. Na ndani ya maji humo humo, kabla hata hajafunga bomba, alikuwa anamfokea Curtis kuhusu ule mkanda wa ngao, nani aliununua, wapi, na kwa nini wa bei ya chini namna ile. Curtis anajibu ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, blanketi limemlowa mikononi.